Sura ya Saba: Udongo wa Mirongo

"Masalu akiwa mlemavu wa kiungulia," Obedi alisema huku akigeuza chipsi kwenye karai, "basi mimi hapa nina mimba ya miezi sita."

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi walicheka. Evelina hakucheka. Alikuwa mpelelezi wa madai katika ofisi ya mafao ya askari wastaafu, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kumwacha mtu amalize utani wake wote, maana utani ukiisha ndipo watu husahau kujilinda. Alingoja. Obedi akainua chujio, mafuta yakachuruzika, karai likalia.

"Ni wewe uliyepiga simu ofisini," Evelina alisema.

"Nani kakwambia?"

"Aliyepiga hakutaja jina. Lakini karai lako lilikuwa linalia hivyo hivyo kwenye simu."

Obedi alilitazama karai kama limemsaliti. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akamsogeza Evelina nyuma ya kibanda, mbali na kelele za barabara ya Kisesa.

"Sikiliza, binti. Mimi nilikuwa koplo, yeye sajenti, kikosi kimoja. Tumekula sufuria moja. Kuanzia tulipoingia mpaka tulipotoka, Masalu hakukanyaga zahanati kusema tumbo linamuuma. Mgongo, sawa. Mgongo tulimwona ukimvunjika. Lakini ulemavu wa kiungulia? Mimi nikila maharage ya jana, na mimi nilipwe?"

"Daktari anasema hawezi kumeza ugali."

"Ugali hamezi, lakini mengine anayaweza." Obedi aliteremsha sauti. "Mle nyumbani kwao kuna mjamzito. Nimemwona mkewe kwa macho yangu akishuka daladala na udongo wa pemba, ule wanaounyonya wajawazito, kaufunga kwenye kitambaa. Ng'washi mwenyewe umri wa kuzaa umeshapita. Sasa nani anaula? Masalu ameficha msichana mle. Mgonjwa wa kufa hafichi msichana."

"Huyo msichana umemwona?"

"Sijamwona. Lakini udongo haujili wenyewe."

Evelina alimshukuru, akarudi kwenye gari la ofisi. Alimpigia mkuu wake, Bwana Shaibu, kumweleza alipofikia. Shaibu hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Jopo linakaa kesho asubuhi. Wanataka kujua mambo mawili tu. Anaumwa? Na ugonjwa ulianza akiwa bado amevaa sare? La kwanza daktari amelijibu. La pili hana shahidi hata mmoja ambaye si ndugu yake. Hili ni dai lake la tatu, Evelina. Likikataliwa, jalada linafungwa."

"Na koo lake?"

"Akikubaliwa, wiki ijayo anapelekwa kupanuliwa koo, sisi tunagharamia. Asipokubaliwa..." Shaibu alijua kwamba Evelina alikuwa ameisoma taarifa ya daktari. Asidi ya tumbo ilikuwa imepanda na kuchoma kwa miaka mingi, kovu likawa juu ya kovu, na njia ya chakula ilikuwa inaziba. Leo ilipitisha uji. Kesho huenda isipitishe hata maji.

*

Nyumba ya Sajenti Masalu ilikuwa nyuma ya miamba, ndogo, imefagiliwa mpaka uwanja ukawa na mistari ya ufagio. Ng'washi alikuwa akisuuza sufuria mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ofisini." Hakuuliza. Watu wa ofisini walikuwa wamekuja mara mbili kabla, na mara zote mbili walivaa viatu safi.

Sajenti alikuwa sebuleni, amekaa wima kwenye kiti kisicho na mto. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na ndani ya shati hilo mwili ulikuwa umebaki mdogo kama wa kuazima. Alijaribu kusimama. Evelina akamwomba asisimame. Akasimama.

"Uliza, binti."

"Kiungulia kilianza lini, mzee?"

"Nikiwa kazini."

"Mwaka gani?"

"Mwaka niliovunjika mgongo. Mwaka wa meli."

Hapa Mwanza mtu akisema mwaka wa meli, hakuna anayeuliza meli gani. Evelina alikuwa hajazaliwa MV Bukoba ilipozama, lakini alikua akiona watu wazima wakinyamaza kila jina hilo lilipotajwa.

"Tulipelekwa uwanja wa mpira kubeba maiti," Sajenti aliendelea. "Mgongo ukakatika. Nikapewa vidonge vya maumivu. Siku zile hakuna aliyeweza kula, binti. Tulimeza vidonge tumboni hamna kitu. Baada ya hapo ndipo moto ukawaka hapa." Aligusa kifua. "Haujazimika tena."

"Mgongo umeandikwa. Vidonge vimeandikwa. Moto haukuandikwa popote. Kwa nini hukuripoti?"

"Nilikuwa kamanda wa seksheni."

Alilisema hilo kama jibu kamili. Evelina hakuinua kalamu, na mzee akalazimika kuongeza.

"Watoto wamelazwa kwenye nyasi, mistari kwa mistari, hawana wa kuwatambua. Mimi niende kwa daktari niseme nini? Niseme nina kiungulia?"

Evelina aliomba kuona chumba cha kulala, kama utaratibu ulivyodai. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwani kwa matofali ya kuchoma, moja chini ya kila mguu. Alichuchumaa. Matofali yalikuwa yamejichimbia kwenye saruji, na kingo zake zimelainika kwa miaka ya kupigwa na ufagio. Mtu anayeigiza ugonjwa kwa ajili ya wapelelezi huinua kitanda wiki hii. Hiki kilikuwa kimeinuliwa muda mrefu.

"Akilala bapa, asidi inamjaa mdomoni," Ng'washi alisema mlangoni. "Anaamka anakabwa."

"Sakafu hii mliiweka lini?"

"Alipostaafu. Nyumba yote tulijenga alipostaafu."

Evelina akashusha pumzi. Matofali yalithibitisha ugonjwa, lakini hayakuvuka mwaka wa kustaafu. "Na kabla ya hapo?"

"Tulipanga Pasiansi. Matofali tulikuja nayo."

"Nani mwingine aliyeyaona huko Pasiansi?"

"Mwanangu, nani anaingia chumbani kwa watu kutazama miguu ya kitanda?"

Chini ya kitanda kulikuwa na kopo. Evelina akalivuta. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa vipande vya udongo wa pemba, vigumu, vya kijivu, vikinuka moshi na ukwaju. Kando ya kopo kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, kofia ya mtoto mchanga iliyofumwa kwa uzi wa njano. Haikuwahi kuvaliwa. Utepe wake ulikuwa bado umekunjwa.

Hapakuwa na viatu vya msichana. Hapakuwa na kanga ya tatu kwenye kamba, wala kikombe cha tatu, wala mkeka wa ziada. Evelina alikuwa amevihesabu tangu mlangoni.

"Nani mjamzito katika nyumba hii?"

Sajenti aliyekuwa nyuma ya mkewe aligeuka akatazama ukutani.

"Udongo ni wangu," Ng'washi alisema.

Evelina alimtazama mikono. Ilikuwa na maji ya sufuria, myeusi, safi. Kisha akamtazama mzee. Pembeni mwa mfuko wa lile shati jeupe, jeupe kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile, kulikuwa na vumbi la kijivu. Alitaka kuuliza. Aliona jinsi mzee alivyokuwa ameukaza uso, akaliacha swali hilo, akauliza jingine.

"Udongo unauzwa hapa hapa Kisesa, mama. Huu unanuka ukwaju, umekaa na viungo. Umeununua wapi?"

"Mirongo."

"Mbona mbali hivyo?"

"Hapa wananijua," Ng'washi alijibu, akalichukua kopo mikononi mwake taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

*

Katika soko la Mirongo, Evelina alipita kwa wauza viungo akifuata pua yake mpaka mahali ambapo udongo ulikuwa umepangwa kati ya ukwaju na mdalasini. Mwenye meza alikuwa mama mnene aliyeshapita makamo, ushungi wa zambarau, miwani imeshuka puani. Aliitwa Mwanabaraka, na alimpima Evelina kwa jicho moja.

"Mwenye mimba ni wewe?"

"Bado, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bado ni neno zuri. Karibu."

Evelina hakutaja jina wala sura. Shahidi anayepewa jibu hana thamani. Aliweka mezani kipande cha udongo alichokiomba nyumbani kwa Masalu, akauliza kama ni wa pale. Mwanabaraka alikinusa, akasema ndiyo. Akamwuliza kama kuna mteja wake anayetoka upande wa Kisesa.

Mwanabaraka alivua miwani.

"Mama Subira amefariki?"

"Mama Subira ni nani?"

"Kwanza niambie kama yu hai."

"Yu hai, kama ndiye huyo. Mimi naangalia madai ya mumewe, askari mstaafu."

Mwanabaraka akashusha pumzi ndefu, akamvutia Evelina kigoda. "Jina lake hasa silijui. Sisi hapa sokoni tulimwita hivyo, Mama Subira, kwa sababu hakuna mwanamke mwenye subira kama yule. Alianza kuja ana tumbo, wakati huo akiishi Pasiansi. Tumbo la kwanza. Alikuwa anacheka sana. Halafu ikaja meli."

Alingoja mteja mmoja apite.

"Mdogo wangu alikuwa mle. Nikakaa tanga mpaka arobaini. Siku niliyorudi hapa, mteja wangu wa kwanza alikuwa yeye. Nikatazama, tumbo halipo. Sikuuliza. Mtu aliyetoka tanga haulizi. Akasema, nipimie kama kawaida. Nikampimia."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuacha. Nikasema, Mungu kampa jingine. Tumbo silioni. Nikasema limetoka. Anarudi, ananunua. Nikasema kampa tena. Hivyo hivyo, mwanangu, mpaka leo. Wengine walianza kusema amerogwa. Mmoja alikataa kumpokea pesa mkononi, akamwambia aziweke mezani, asije akampa mkosi wake. Alitabasamu, akaziweka mezani. Mimi nikamfumia kofia. Ya njano, maana sikujua atapata nani."

"Amepoteza wangapi?"

"Sikuhesabu. Ningehesabu nisingeweza kumwuzia."

Evelina aliandika. Mwaka wa meli Masalu alikuwa amevaa sare, na aliendelea kuivaa miaka mingi baadaye. Huyu mbele yake hakuwa ndugu, hakulijua hata jina la mteja wake. Kilichobaki ni kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Alimpigia Shaibu.

"Muuza viungo?" Shaibu aliuliza. "Jopo litacheka."

"Wacheke, kisha wasome."

"Amtambue mwanamke huyo mbele ya mdai mwenyewe. Na mdai akiri kwamba udongo ni wake. La sivyo ni hadithi ya sokoni."

Mwanabaraka alimwachia jirani meza yake. Ndani ya gari hakuuliza lolote mpaka walipokaribia Kisesa.

"Kwani udongo unahusikaje na madai ya askari?"

"Bibi, udongo huo hutuliza nini kwa mjamzito?"

"Kichefuchefu. Na kiungulia. Wengi kiungulia," Mwanabaraka alisema, akajifunika uso kwa ncha ya ushungi kukinga vumbi la barabara.

*

Jua lilikuwa bado kali. Mlango ulikuwa wazi. Evelina aliingia kwanza, akamwomba Mwanabaraka aseme kama kuna mtu anayemjua.

Hakuhitaji kuambiwa. "Mama Subira," aliita.

"Abee," Ng'washi aliitika kutoka jikoni, kwa mazoea, na ndipo akatokea, akaona ni nani, akasimama.

Sajenti aliwatazama wote watatu.

"Subira ni nani?"

Mwanabaraka alikwenda akamshika Ng'washi mikono yote miwili, kisha akamgeukia mzee, kwa adabu, kama mtu anayefika msibani amechelewa. "Pole, baba. Pole kwa watoto wote."

"Watoto gani?"

"Mzee," Evelina alisema, "huyu ndiye anayemwuzia mama udongo. Tangu mwaka wa meli."

"Ng'washi." Sauti ya Sajenti ilikuwa imekauka. "Uliniambia unawaambia ni dawa ya kuku."

"Ndiyo, baba."

"Kila nilipokuuliza. Ukasema, nawaambia ni wa kuku, wanacheka kidogo, basi."

"Kuku hawanunuliwi udongo. Wangejua siku ileile." Ng'washi hakuinua macho. "Ulisema mtu asijue kwamba sajenti ananyonya udongo kama mwanamke mwenye mimba. Nikatafuta mwanamke mwenye mimba. Hapakuwa na mwingine."

"Wakakuonaje?"

"Waliniona walivyoniona."

"Walisema nini?"

"Ya nini sasa?"

Mzee akamgeukia Mwanabaraka. "Walisema nini?"

Mwanabaraka alimtazama Ng'washi, na Ng'washi akatikisa kichwa. Lakini Sajenti alikuwa mtu aliyezoea kusoma nyuso za watu waliokatazwa kusema. Alikaa. Safari hii hakukaa wima.

Kisha akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha udongo kilicholainika kwa kunyonywa, akakiweka mezani mbele ya wote.

"Andika, binti."

Evelina akafungua karatasi ya maelezo.

"Mimi Masalu, sajenti mstaafu, nasema kwamba udongo huu ni wangu. Nilianza kuunyonya mwaka wa meli, nikiwa kazini, kwa sababu ya moto wa kifuani uliotokana na vidonge. Udongo wa kwanza ulikuwa masalio ya ule wa mke wangu. Mimba yake ilitoka nikiwa uwanjani nabeba watoto wa watu. Wa kwangu, mama mkwe wangu ndiye aliyemzika. Mimi sikuwepo." Alimeza kwa shida, akaegemea, akangoja moto upite. "Niliporudi, mgongo umevunjika, kifua kinawaka, alinipa kilichobaki kwenye kitambaa. Akasema, jaribu, mimi hakinifai tena. Kikanifaa. Mimba ilikuwa moja tu. Liandike hilo pia. Hakupoteza watoto wengi. Alimpoteza mmoja, na wengine wote alinibebea mimi."

Evelina alimsomea maneno yake, kama utaratibu ulivyodai. Mzee akasaini. Mwanabaraka akasaini chini yake. Kisha, kwa kuwa fomu ilikuwa na swali la mwisho la kufunga ushahidi, Evelina akamgeukia Ng'washi.

"Mama, kwa miaka yote hiyo, wewe mwenyewe uliwahi kuutumia?"

Ng'washi alikichukua kitambaa cha udongo.

"Kipande kimoja. Njiani, nikitoka sokoni. Nilikuwa naweka mdomoni kimoja ili nisiwe mwongo kabisa." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Na siku nyingine, mpaka nafika nyumbani, nilikuwa nimeamini."

Evelina hakuwa na mahali pa kuliandika jibu hilo. Fomu iliuliza ndiyo au hapana.

Sajenti Masalu aliinuka. Alijishika ukuta, akakataa mkono wa Evelina, akabeba kiti chake mwenyewe, kile kisicho na mto, akatoka nacho mpaka ukingo wa uwanja ambako njia ya kutoka sokoni inapita. Watu walikuwa wakirudi na mizigo yao. Aliketi akiwatazama. Ng'washi alimfuata, akamwekea kitambaa magotini, akasimama nyuma yake, mkono kwenye egemeo la kiti.

Obedi alikuwa akipanda na ndoo ya viazi. Alipowaona akapunguza mwendo, akamtazama Mwanabaraka mlangoni, akamtazama Evelina, akatafuta utani na hakuupata.

"Sajenti," alisema.

"Koplo. Ni wewe tu wa kumtafuta mjamzito wangu mpaka ofisini." Masalu alifungua kitambaa juu ya magoti, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote. "Ni mimi."

Akakiweka mdomoni, akaanza kukinyonya, mchana kweupe, watu wakipita.